Sabuni Kwenye Tanki: Je, Kiraka ni Uongo?

Kipande cha sabuni ya mche kinaweza kuziba tanki la petroli linalovuja. Mafundi wengi wa barabarani wanalijua hilo. Unailainisha sabuni kidogo mkononi, unaisugua na kuikandamiza kwenye ufa, inaingia, inashika, na mafuta yanaacha kudondoka. Si uchawi. Petroli huyeyusha grisi na rangi, lakini sabuni haiiwezi, kwa hiyo sabuni inakaa pale pale kana kwamba imezaliwa hapo. Kinachoiyeyusha ni maji. Yaani kiraka cha sabuni kinaweza kuhimili tanki zima la petroli, halafu kikashindwa na dimbwi moja la mvua.

Swali langu ni hili: fundi aliyeziba tanki kwa sabuni, je, amedanganya? Na mwenye gari anayeendelea kuendesha huku akijua kuna sabuni pale chini, je, naye? Najua wapo watakaosema ni swali la mtu asiye na kazi. Gari lilikuwa linavuja, sasa halivuji, safari iendelee. Lakini kila matengenezo ni kauli. Fundi anapokurudishia ufunguo na kukwambia "tayari, bosi", hajasema neno moja tu. Amesema unaweza kupakia watoto. Amesema unaweza kuegesha gari uani, karibu na jiko. Amesema unaweza kumwazima shemeji yako aende nalo msibani Korogwe. Kauli zote hizo zimebebwa na lile neno "tayari", na kauli huwa ya kweli au ya uongo.

Kabla ya kuhukumu mtu, tulitazame gari lenyewe, maana gari la zamani linalovuja lina mengi ya kutufundisha kuhusu ukweli.

Jambo la kwanza: panapodondoka si panapovuja. Tone linaanza juu, kwenye kiungo cha mpira karibu na injini, linatambaa juu ya bomba, linafuata chesisi, linaning'inia kwenye boliti fulani lisilohusika kabisa, ndipo linaanguka. Mwenye haraka ataifunga ile boliti. Atapaka gundi, atarudi nyumbani ameridhika, na kesho harufu iko pale pale. Kwa hiyo fundi makini haanzi na spana, anaanza na maswali. Inanuka lini? Kama ni asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi, na ikipata moto inaacha, basi shuku oringi ya nozeli au mpira uliokakamaa: vitu hivi hunywea kwenye ubaridi na kutanuka joto likija. Kama inanuka ukishajaza tanki tu, tazama juu ya tanki, kwenye gasketi ya geji au ya pampu, au kwenye shingo ya kujazia mafuta ambayo kutu imeila. Ukiwa na nusu tanki hutaona kitu hata ulale chini ya gari siku nzima. Kama inanuka injini ikizunguka na kuacha ikizimwa, tafuta kwenye mpira wenye presha. Gari la kabureta lina presha ndogo kwenye njia ya mafuta. Gari la nozeli huwa na takriban bar 3, zaidi ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Tundu lisiloonekana kwa macho linaweza kutoa mafuta kama dawa ya mbu.

Baada ya maswali ndipo unasafisha. Unafuta grisi na vumbi la miaka, unakausha, unatandika boksi safi chini ya gari, unasubiri. Hakuna sigara, hakuna kiberiti, injini imepoa, tochi ndiyo inayomulika. Kazi hii inachosha kwa sababu sehemu kubwa yake ni kungoja, na mteja aliyesimama pembeni haoni kama kungoja ni kazi ya kulipiwa.

Jambo la pili: kutoona tone si ushahidi kwamba hapavuji. Petroli hukauka haraka. Uvujaji mdogo haufiki chini hata siku moja. Unaacha doa na harufu, basi. Na hatari yenyewe haimo kwenye tone, imo kwenye mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye ubaridi wa nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu haipo saa ya siku ambayo petroli iliyo wazi ni salama. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unashuka na kutambaa: kwenye sakafu, kwenye shimo la gereji, chini ya geti, mpaka kwenye jiko la mkaa la mama lishe anayewapikia mafundi wali na maharage. Tena hauhitaji kuwa mwingi. Unashika moto ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ukizidi hapo hauwaki. Ndiyo maana tanki tupu linaogopwa na fundi wa kuchomelea kuliko tanki lililojaa: lile lililojaa lina mafuta mengi na hewa kidogo, hili tupu lina mchanganyiko wenyewe unaotafuta cheche.

Mkumbuke huyo mama lishe. Nitarudi kwake, maana yeye hakuulizwa kitu.

Jambo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Pua inachoka. Ukikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa, unaacha kuisikia. Ukikaa nayo miezi, inakuwa sehemu ya gari kama rangi yake. Anayepanda kwa mara ya kwanza ndiye anayeuliza, "Mbona humu panaanuka mafuta?" Na mwenye gari, bila ubaya wowote moyoni, anajibu, "Aa, gari la zamani hili, ndivyo lilivyo."

Sentensi hiyo ni ya kupimwa. Kwa sura inaonekana ni maelezo, lakini haielezi kitu. Uzee hautoi harufu. Mpira uliopasuka ndio unaotoa harufu, klipu iliyolegea ndiyo inayotoa harufu. Ukisema "ni uzee" umefunga faili kabla ya kulifungua. Na tunafanya hivyo kwa mengi mengine: nyumba ikinuka ufisadi tunasema ofisi ndivyo zilivyo, mtoto akikohoa miezi miwili tunasema ni vumbi la kiangazi. Uzoefu umetufundisha kuishi na dalili, na kuishi nayo kumetuondolea swali.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na sasa inataka kupakia wahamiaji wanaokwenda kuanza maisha ng'ambo. Wasiwasi unamwingia kwamba labda haifai tena kwa safari. Kuikagua ni gharama. Basi anaanza kujituliza: imeshavuka dhoruba ngapi, hii nayo itavuka, Mungu hawezi kuwaacha watu wanaotafuta maisha, mafundi walioijenga si watu wa kushukiwa. Kidogo kidogo anafika mahali anaamini kabisa, kwa moyo mweupe, kwamba meli ni nzima. Inaondoka. Inazama katikati ya bahari na watu wake. Yeye anachukua pesa za bima.

Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na unyofu wa imani yake haumwokoi, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Imani yake haikutokana na kuichunguza meli, ilitokana na kuunyamazisha wasiwasi. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki ile ile.

Nikisoma habari ya mwenye meli namwona mwenye gari wetu. "Limeshakwenda Mwanza na kurudi." "Fundi alilitazama mwaka juzi." "Mungu yupo." Maneno ni yale yale, chombo tu ndicho kimebadilika. Hapa nakubaliana na Clifford moja kwa moja: mtu aliyesikia harufu ya petroli akaamua kutotafuta, hawezi baadaye kusema hakujua. Alijua kiasi cha kumlazimu ajue zaidi.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba si kila mtu ana hela za kutafuta. Ngoja kidogo, nitafika huko. Lakini kwanza tukubaliane kwamba mara nyingi hela siyo sababu. Chukua Volkswagen Beetle, yale magari ya mgongo wa mviringo ambayo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka uzalishaji ulipokoma Mexico mwaka 2003. Tanki lake liko mbele, chini ya boneti. Injini iko nyuma. Petroli inasafiri kwenye bomba la chuma ndani ya handaki la katikati ya sakafu, inatokea nyuma, inaunganishwa kwa vipande vifupi vya mpira na pampu na kabureta. Mipira ile ya zamani ilifunikwa kwa kitambaa kilichosukwa. Kwa nje kitambaa kinaonekana kizima huku mpira ndani umeshapasuka. Tena kuna kimrija cha shaba nyeupe kinachoingiza mafuta kwenye kabureta: hakikufungwa kwa nati, kilipachikwa kwa kukazwa tu. Joto na mtikisiko wa miaka vinakilegeza. Siku moja kinachomoka chenyewe, mpira ukiwa bado umekishika vizuri na klipu yake imekazwa. Injini inaendelea kuzunguka, pampu inaendelea kusukuma, na mafuta yanamwagika juu ya injini yenye moto, jirani na distributa inayotoa cheche. Kizingiti cha injini yenyewe kimetengenezwa kwa aloi ya magnesi, madini ambayo yakishika moto kuyazima ni kazi.

Sasa hesabu gharama ya kuzuia hayo. Nusu mita au zaidi kidogo ya mpira wa petroli, klipu chache, na kukikaza upya kile kimrija. Haifikii bei ya kujaza tanki. Wapenzi wa magari haya wamekuwa wakielezana habari hii kwa miaka mingi, na bado magari yanaungua, kwa sababu mpira ule hausumbui mpaka siku utakaposumbua. Na ona jambo la ajabu: injini ikiwa nyuma, dereva ndiye wa mwisho kujua. Wanaoona moshi kwanza ni walio nyuma yake barabarani na wapita njia. Hatari iliyo yako, wengine ndio wanaoiona kwanza.

Tuje kwenye hela. Hapa ndipo Clifford ananiacha njaa kidogo, maana mwenye meli wake alikuwa na uwezo wa kukagua, ila hakutaka. Mwenye gari wetu mara nyingi anataka na hana. Gari ndilo linalopeleka nyanya sokoni, ndilo linalolipa ada. Tanki jipya halipo dukani, lile la mtumba linauzwa bei ya mwezi mzima wa kazi. Mazungumzo ya gereji unayajua:

"Bosi, tanki hili limekwisha. Dawa yake ni kubadilisha."

"Fundi, leo sina. Nisaidie lifike hata mwisho wa mwezi."

"Basi nikuzibie?"

"Niokoe tu, fundi. Mwisho wa mwezi tunabadilisha."

Sioni uongo katika mazungumzo haya. Naona watu wawili wanaosema ukweli wote walio nao. Kuna kasoro, wameitaja kwa jina. Kuna kiraka, wamekiita kiraka. Kuna siku ya mwisho. Na jiko la karibu liko wapi wote wanajua, au wanapaswa kuuliza. Ukipigwa na jiwe kwenye tanki pale ndani ya hifadhi ya Mikumi jua linazama, na tembo wanavuka barabara, anayetoa sabuni kwenye begi na kukuwezesha kufika Morogoro mjini amekutendea wema mkubwa. Mtu anayesema matengenezo ya muda ni aibu siku zote, huyo hajawahi kukwama.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hapana: sabuni yenyewe si uongo. Inageuka uongo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupoteza tarehe yake. Mwisho wa mwezi unafika, gari halivuji, hela imepata shughuli nyingine. Mwezi wa pili, wa tatu. Lile neno "kwa muda" linadondoka kimyakimya, na hakuna aliyeamua lidondoke. Sabuni ni ile ile, tanki ni lile lile, lakini kauli imebadilika. Mwanzo ilisema "hili litashika mpaka tarehe 30". Sasa inasema "hili ni zima". Mvua za masika zinakuja, barabara inajaa maji, na maji hayajui tulikubaliana nini.

Njia ya pili ni kumficha anayebeba hatari. Shemeji aliyeazimwa gari hakuambiwa. Abiria hawakuambiwa. Mama lishe mwenye jiko la mkaa hakuambiwa. Na mkubwa kuliko wote, mnunuzi hakuambiwa. Maana magari mengi yenye kiraka, dawa yake ya mwisho huwa ni kuuzwa. Yanaoshwa, injini inapigwa sabuni ya unga na maji mpaka ing'ae, doa la mafuta linaondoka, harufu inafunikwa na pafyumu ya mti wa kadibodi, na dalali anasema, "Hili halina hata tone, kaka, njoo uangalie mwenyewe." Na kweli halina hata tone. Kila neno alilosema ni sahihi, na kwa jumla ni uongo.

Sheria za mauziano ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilitokana na ile ya Uingereza ya 1893, na msingi wake wa zamani ni kwamba mnunuzi ajihadhari, ingawa zinaweka mipaka. Lakini pwani yetu ina mafundisho ya zamani zaidi ya hayo. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka. Yule akasema ni mvua iliyoilowesha. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Kisha akaambiwa kwamba anayefanya ghushi hayuko pamoja na Mtume.

Tazama alichoulizwa. Hakulaumiwa kwa mvua. Hakuamriwa kuimwaga nafaka wala hakukatazwa kuiuza. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Naona hapo jibu la swali letu lote. Uza gari lenye kiraka ukitaka, endesha gari lenye kiraka ukilazimika, lakini kiraka kiwe juu ya lundo.

Kwa nini basi ni vigumu kukiweka juu? Nadhani lugha yenyewe inatupa fununu. Neno "aibu" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya kasoro, ila ya kitu au ya mtu, pamoja na maana ya jambo la fedheha. Kwa Kiswahili cha kila siku, fedheha ndiyo iliyokuja mbele na kasoro ikabaki nyuma. Na mioyo yetu nayo imekwenda hivyo hivyo. Gari likiwa na kasoro, mwenye gari anaona yeye ndiye mwenye kasoro. Fundi akisema "hili nimeshindwa, nimeziba tu", anaona amekiri udogo wake. Kwa hiyo tunaficha tusichopaswa kukionea haya, ili tuje kukionea haya kweli siku kitakapofichuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakuwa wanazungumzia hospitali pekee.

Fundi naye ana hoja yake, na ni hoja ya haki. Anasema: "Nikimwambia mteja ukweli wote, ataogopa, atakwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara ambaye atamwambia 'tayari, bosi' kwa nusu ya bei. Mimi na ukweli wangu tutalala njaa." Na zaidi: duka la spea limemuuzia mpira likimwambia ni wa mafuta, kumbe ni wa maji, na petroli inauvimbisha mpira wa maji na kuulainisha mpaka unapasuka. Mpira wa petroli unaotengenezwa kwa kiwango huandikwa ubavuni. Ule wa gari la nozeli huwa na alama SAE 30R9, na ule wa presha ndogo 30R7. Dukani wangapi wanaijua alama hiyo, na wangapi wakiijua wanaijali? Hatia ya tanki moja inaweza kugawanywa kwa watu wanne mpaka kila mmoja akabaki na kipande kidogo kinachoingia mfukoni bila kuonekana.

Lakini hoja hiyo ya fundi, ukiisikiliza vizuri, inamhukumu mteja. Soko la uongo linaendeshwa na wanunuzi wa uongo. Sisi tunaomlipa haraka anayesema "tayari", na kumnung'unikia anayesema "nipe siku mbili nitafute", ndio tunaowafundisha mafundi kusema uongo. Ukitaka fundi mkweli, jiandae kulipia muda wake wa kulala chini ya gari na tochi bila kufungua boliti hata moja. Hiyo ndiyo kazi kubwa aliyokufanyia. Kukaza klipu ni dakika tano.

Bado kuna jambo moja linanikaa kooni. Tuseme watu wawili wameziba kwa sabuni, wote wameacha tarehe ipite, wote wamenyamaza. Gari la mmoja linaungua na mtu ndani yake. La mwingine linazeeka kwa amani, linauzwa chuma chakavu. Wa kwanza tunampeleka mahakamani, wa pili tunamwita dereva mzoefu. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili bahati ya kimaadili katika maandishi yao ya 1976, na mfano mmoja wa Nagel uko karibu sana na wetu: dereva ambaye hakukagua breki zake. Akikatiza mtoto barabarani, uzembe ule mdogo unamgeuza kuwa mtu aliyesababisha kifo. Mtoto asipokatiza, ni uzembe tu, hata mwenyewe hataukumbuka. Tofauti kati yao haikutokana na walichofanya.

Nagel haoni njia rahisi ya kutoka hapo, na mimi sijifanyi ninayo. Mahakama haina budi kutazama kilichotokea. Haiwezi kumfunga mtu kwa moto ambao haukuwaka. Lakini dhamiri haiko chini ya mipaka ya mahakama. Mimi nikijihukumu mwenyewe usiku, sina sababu ya kujihesabia bahati kama wema. Gari ambalo halikuungua halijanisafisha. Limenipa muda tu, na muda ule ndio ule ule niliomwomba fundi: mpaka mwisho wa mwezi.

Wengi tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaisoma kama amri ya kuwahi. Ziba mapema, usingoje. Ni kweli, lakini methali haikusema uzibe kwa nini, wala haikusema baada ya kuziba umwambie nani. Ufa uliopakwa chokaa juu umezibwa pia, kwa macho ya mpita njia. Aliyeupaka anajua alichofanya, na anayelala upande wa pili wa ukuta hajui.

Basi kama umelazimika kutumia sabuni, itumie. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ubandike pale kwenye dashibodi, karibu na geji ya mafuta, macho yako yaifikie kila unapowasha gari. Anayekuazima mwambie kabla hajashika ufunguo. Usiegeshe karibu na jiko, na kama huna pengine pa kuegesha, mfuate yule mama umwambie kwa lugha nyepesi: "Mama, gari langu lina hitilafu ya mafuta, nimeliziba kwa muda, naomba leo nilisogeze, na ukisikia harufu niite." Atakushangaa. Labda atakusema kwa wenzake kwamba una gari bovu. Ni kweli unalo, na sasa anajua yeye pia, na anaweza kulisogeza jiko lake.